Mwito wa Tatu

Kiswere,
baada ya sala ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia, na utaniwia radhi mwandiko ukienda upande. Wewe hujambo? Mguu wa mama umepona, au bado anauburuta na kusema haumuumi? Shemeji na watoto hawajambo? Mvua za huko Pangani zikoje? Huku zimemwagika mpaka mto Mbwemkuru umefura na njia ya Lindi imekatika, na hiyo ni sehemu ya taabu yangu kama utakavyoona.

Nianze na ya furaha, maana nikianza na ya huzuni utadhani nimeolewa vibaya, na sivyo. Dada, nimeolewa vizuri mno. Athumani huniita jina langu kana kwamba amelijua leo asubuhi na hataki kulisahau. Akitoka huaga mlangoni, akifika barazani huaga tena, akishapanda baiskeli hugeuka, na siku moja alipogeuka akaingia kwenye uzio wa jirani. Ulinionya siku ya kunitoa kwamba mwanamume wa mitambo atapenda mitambo. Kweli anaipenda, lakini ananipenda mimi kwanza, kisha mitambo, kisha wali wa nazi.

Kazi yake sikukueleza vizuri katika barua iliyopita. Serikali inataka vijiji vipya vya ujamaa vya pwani hii, toka Kilwa mpaka Lindi, viweze kusemezana kwa simu ya upepo. Mama akishindwa kujifungua, zahanati iite gari. Mto ukijaa, wa juu wawaambie wa chini. Athumani ametumwa kuchunguza milingoti isimame wapi na sauti inafika wapi. Sauti hiyo, dada, ina tabia kama mtu. Juu ya maji hutembea vizuri, ikikutana na kilima huchoka, na ya mchana si kama ya asubuhi. Yeye hufunga redio ndogo na betri ya gari nyuma ya baiskeli, huenda kilima hiki na kile, hurusha waya juu ya mkorosho, kisha huita. Mimi hukaa kwenye redio kubwa, chumba cha nyuma cha zahanati, nikamjibu nimemsikiaje. Tano kwa tano ni kama amekaa kando yangu. Moja kwa tano ni kama mtu anayesema ndani ya mtungi.

Siku moja nilimwambia, "Nakusikia kana kwamba uko jikoni kwangu." Akajibu, "Basi nipakulie." Nikacheka peke yangu mpaka mganga wa zahanati akachungulia.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Jioni jirani yangu Bi Somoe, mama mtu mzima wa kabila la Wamachinga anayenilea huku kama mwanawe, alikuja na mihogo yake akaniuliza, "Je, ulimpakulia?"

"Nani, Bi Somoe?"

"Usinifiche. Kaka yangu alikuwa dukani anatafuta taarabu kwenye redio yake, akakukuta wewe. Duka zima limesikia. Nyie watu wa Pangani mnapendana mpaka hewani."

Nilitaka ardhi inifiche. Athumani alicheka kidogo tu. Akaniambia kufikisha sauti ndiyo nusu rahisi ya kazi yake. Nusu ngumu ni kujua nani mwingine anasikia, na kumjua kwa hakika anayekuita. Ng'ambo ya Ruvuma kuna vita, na Wareno nao wana redio. Kwa hiyo akakipa kila kituo jina la tunda, na akakataza mtu kutaja mahali wala jina lake. Mimi nikawa Nanasi.

Majina watu waliyazoea. Kilichowashinda ni kukataa kuitikia. Mtu akiita, humjui, utamnyimaje salamu? Wakiulizwa habari za nyumbani wanazimwaga zote, nani kasafiri, ghala lina nini, mwenyekiti yuko wapi. Mwezi uliopita sauti isiyojulikana iliingia ikawaambia wa kituo kimoja kwamba lori la saruji haliji. Wakatawanyika kwenda mashambani. Lori likaja, halikupata wa kulipakua, likarudi na saruji yake. Mpaka leo hatujui alikuwa nani.

Tulipokuwa tunalizungumza hilo, Bi Somoe alisema bila kuinua macho kwenye mihogo yake, "Sisi wazazi wetu walitufunza, usiyemwona akikuita usiitike mpaka mara ya tatu. Jini huita moja, huita mbili, ya tatu halina pumzi." Athumani akaruka kama mtoto. Kesho yake ikawa sheria ya vituo vyote: anayeita aite mara tatu, aache pumzi baina ya mwito na mwito, na asiyefika wa tatu asijibiwe. Watu waliishika siku hiyo hiyo, maana waliijua tangu utotoni. Mume wangu alifurahi, akanibusu mbele ya Bi Somoe, naye akajifunika uso kwa kanga huku anatazama.

Sasa sikiliza, dada.

Kabla mto haujajaa, Athumani alivuka kwenda Kitomanga. Kilima cha huko kilikuwa kimemshinda, kila akijaribu sauti inafifia. Asubuhi ile nilimsikia kwa mbali, anahesabu kama kawaida yake, moja, mbili, tatu, kisha, "Nanasi, Nanasi, Nanasi, wanisikia?" Kabla sijajibu nikasikia watu.

"Weka chini hicho."

"Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa serikali."

"Serikali gani inaitana mananasi?"

Walikuwa mgambo. Mwenyekiti aliyeujua ujio wake alikuwa amekwenda msibani, na hao waliona mgeni kilimani, waya juu ya mti, anasomea hewani tarakimu na matunda. Hata mimi ningemshika. Kisha ikaja sauti nzito.

"Wewe Nanasi. U nani na uko wapi?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe. Sikujibu. Nilijiambia, huo ni mmoja.

"Nanasi! Mwenzako tunaye hapa. Jitaje."

Huo ni wa pili. Nilingoja wa tatu, dada. Nilimngoja yule mtu aniite mara moja tu zaidi, maana mume wangu ndiye aliyeniapisha, na nilijua hata sasa anasikia kama nimeshika neno lake. Wa tatu haukuja. Nilisikia yule mtu akiwaambia wenzake, "Mnaona? Kanyamaza. Hawa ni wapelelezi." Redio ikazimwa.

Bi Somoe alinikuta nimekauka kwenye kiti. Nikamweleza.

"Mgambo wataita mara tatu kwani wao ni watu wa redio?" akasema.

"Athumani alisema asiyefika mwito wa tatu asijibiwe."

"Athumani kafungwa kamba. Hapa utaangalia nini, neno la mume au kamba aliyofungwa?"

Nikabonyeza kitufe. Sikujua kama wameiwasha tena, sikujua kama sauti itafika kilima ambacho haijawahi kukifikia. Nilisema yote. "Mimi Mwanahawa binti Bakari, mke wa Athumani, niko Kiswere, chumba cha nyuma cha zahanati. Shikamooni wazee wangu wote mnaonisikia. Mliyemshika hapo Kitomanga ni mume wangu, anapima simu ya upepo ya vijiji vyenu. Kifungo cha juu cha shati lake ni cha buluu, vingine vyeupe, kwa sababu cheupe chake nilikipoteza mimi. Mfuko wa kushoto ana leso nimeitarizi jina langu. Nawaombeni msimpige." Nikarudia, tena na tena, mpaka sauti ikaanza kukwaruza.

Baada ya muda mrefu sauti nzito ikarudi, safari hii taratibu.

"Marahaba, binti. Leso tumeiona."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Hatukumpiga. Kala muhogo na sisi. Lakini mimi ni wa kumkamata, si wa kumwachia. Anakwenda Lindi."

Hapo ndipo tulipofika, dada. Alipelekwa Lindi, mto ukajaa nyuma yake, nami siwezi kuvuka. Juzi alikuja bwana mmoja, ofisa wa serikali kutoka upande wa Kilwa, mpole lakini hakukaa alipokaribishwa. Alisema nimeitangazia pwani nzima kituo kilipo na nani anakikalia, wakati huu wa vita. Akachukua kipaza sauti, akakifunga chumba kwa kufuli. Alisema Athumani atajibu kwa mambo mawili, la kilimani na la mkewe, na kwamba huenda kazi yote ikasimamishwa. La kilimani nadhani litaisha. La mkewe ndilo linaloninyima usingizi. Alitafuta njia ya kulinda sauti za watu, na wa kwanza kuivunja ni yule anayelala kando yake. Nikijiuliza kama ningefanya vingine, jibu sipati, kwa sababu kila nikifika pale kwenye mwito wa pili namwona amefungwa mikono.

Jana alirudi Bwana Selemani, muuza samaki wa ng'onda wa hapa, aliyevushwa na mtumbwi. Alimwona Athumani huko Lindi, kwenye baraza ya maofisa, amekaa chini na mlinzi, amepungua kidogo. Hawakuruhusiwa kuzungumza sana. Selemani alinipa maneno yake kama alivyopewa: "Mwambie pale Kitomanga nilimsikia tano kwa tano."

Nilimwuliza, hakusema jingine? Kama amenikasirikia? Selemani akasema, "Binti, alisema hilo, akalirudia, kisha akatazama pembeni." Sijui nilichukue vipi. Mara nalisikia kama posa, mara nalisikia kama mtu anayemaliza kazi yake kabla haijachukuliwa. Wewe uliyeolewa zamani, nifafanulie.

Mama usimwambie bado. Mwambie mvua nyingi tu. Mto ukishuka nitakwenda Lindi mwenyewe, Bi Somoe atanisindikiza, na nitamwambia mkubwa anayemhoji kwamba aliyesema ni mimi, anihoji mimi. Niombeeni dua, hasa bibi mzaa mama, ambaye zake hazichelewi.

Nisalimie shemeji, mwambie zile korosho alizoagiza nimeziweka. Nisalimie mjomba muuza nazi, na shangazi aliyenifunda, mwambie mafunzo yake yote yamefaa isipokuwa hakunifunza kungoja. Wabusu watoto. Bi Somoe anakusalimu ingawa hamjaonana. Ananigombeza siku hizi, kwa sababu mtu akipita nje akiita hodi au akitaja jina langu, hata kwa mbali, hata simjui, naitika hapo hapo. Ananiambia nitaitikia majini. Namjibu, na yaje. Sitangoja tena mwito wa tatu mlangoni kwangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwanahawa