Risiti ya Gari la Mwanaidi

Jumatatu, 14 Julai
Nimeanika mahindi. Nimepangusa gari la Mwanaidi, vumbi la Handeni halina adabu. Mwanangu karudi toka kazini ubalozini ng'ambo, gari likamfuata kwa meli, na serikali itamrudishia gharama. Nani mwingine mtaa huu? Sasa Mwanaidi yuko Dodoma anatafuta nyumba. Risiti ya meli kaniachia mimi, si mumewe. Ijumaa anaifuata.

Jumanne, 15 Julai
Korogwe, kuuza kuku. Nikapita kwa Karim wa duka la madaftari. Vyeti vyote vya Mwanaidi alivitia plastiki yeye, mpaka leo vinang'aa. Nikatoa na risiti.
"Mama, hii nayo? Una uhakika?"
"Mwanangu ni afisa, Karim. Tia."
Imetoka nyeusi tii. Kama kitako cha sufuria. Hakuna hata herufi moja. Kumbe karatasi ile haitaki moto wa mashine ya plastiki.

Jumatano, 16 Julai
Sijala. Mwanaidi kapiga simu. "Shikamoo mama. Risiti ipo? Ofisini wanataka yenyewe, kopi hawapokei. Mwisho Jumatatu."
Nimesema ipo. Si uongo. Ipo.
Naogopa. Hela ya meli alikopa. Asiporudishiwa, gari linauzwa.
Jirani, Mama Sefu, kapita: "Mama Afisa, lini tunapandishwa gari?" Nimecheka, nikaingia ndani.

Alhamisi, 17 Julai
Nimejaribu kubandua plastiki kwa wembe. Kona imechanika. Mjinga mimi! Nilishika simu mara tatu nimwambie. Mara tatu nikaiweka. Mtoto nimemzaa mwenyewe, namwogopa kama askari.

Ijumaa, 18 Julai
Mwanaidi kaja, nilimpa kabla hajavua viatu. Akaigeuza, akaigeuza.
"Mama. Umeitia plastiki?"
"Kama vyeti vyako."
Akakaa juu ya ndoo. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Kampigia wakala wa meli. Watampa nyingine yenye muhuri, lakini akaichukue mwenyewe Dar kesho, kisha awahi Dodoma. Kaondoka na gari bila kula. Uwanja mtupu.

Jumatatu, 21 Julai
Kutwa nzima simu mkononi. Kimya. Nimeswali, nimekaa, nimesimama. Jioni ujumbe: "Wamepokea, mama."
Nimelia mbele ya kuku.

Alhamisi, 24 Julai
Bahasha imekuja kwa basi. Kadi ya gari, na kikaratasi: "Mama nitunzie. Usiipendezeshe."
Nimeifungia kabatini. Ufunguo nimempa Mama Sefu. Sikumwambia kwa nini.
Mahindi yamekauka.