Supu za Dunia Nzima kwa Baba Mkwe

Jumamosi, Juni. Ukungu umeikalia Tukuyu tangu asubuhi, manyunyu hayakatiki wala hayazidi, na mimi nina hasira.

Naandika nikiwa kazini, hapa kwenye kibanda chetu cha intaneti. Mteja ni mmoja tu, na tangu nifike anasubiri barua pepe yake ifunguke. Nisipoandika nitapasuka.

Baba mkwe yuko kwetu Msasani, hapahapa Tukuyu, wiki ya pili sasa. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na daktari akasema asirudi kijijini kwanza. Ale vyakula laini, supu hasa, mwili urudi. Jumatatu anapimwa uzito, na akiwa amezidi kupungua atarudishwa wodini. Mpishi ni mimi.

Hapo ndipo mila inapoingia. Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Simtazami, simsemeshi, jina lake silitamki. Mjini wengi wameshaacha, wanakaa na wakwe zao sebuleni na kuangalia taarifa ya habari. Baba hajaacha. Akitaka kutoka chumba cha uani anakohoa kwanza, nami naacha sufuria motoni nakimbilia ndani. Siku nyingine anakohoa kwa sababu ana kikohozi tu, nami nakimbia vilevile.

Basi nikaamua kumpikia kweli. Mtu anayeshinda kwenye intaneti ana kisingizio gani? Nikachapa kurasa za supu rahisi za nyumbani kutoka nchi mbalimbali. Siku hizi hatukosi kitu. Maduka ambayo nilipokuwa mdogo yalikuwa na chumvi na viberiti, na wakati mwingine hata hivyo hamna, sasa yana nyanya za kopo kutoka Italia na viungo vya Kihindi vya kila rangi. Nikampikia supu ya dengu na bizari. Nikampikia ile ya Meksiko, ya maharage na nyama ya kusaga, pilipili nikaionyesha sufuria tu. Ya Waitaliano yenye mboga na tambi ilinimalizia mchana mzima. Ya karanga, ya kule Afrika Magharibi, niliionja nikajisifu peke yangu jikoni.

Mpelekaji alikuwa wifi yangu Tupokigwe, aliyekuja kumuuguza baba yake. Kila siku bakuli lilirudi tupu. Nikiuliza kasemaje, jibu ni lilelile:

"Anasema ndaga fijo."

Asante sana. Dengu, asante sana. Maharage, asante sana. Na mzee anazidi kukonda. Mume wangu Ambakisye anasema shati linamning'inia. Juzi mashangazi wawili walikuja kumwona, wakakaa sebuleni kwangu na kusema, kwa sauti ya kunifikia jikoni, kwamba huyu mzee hapewi chakula.

Leo wifi kaenda msibani Ibighi, na Ambakisye yuko zamu kiwanda cha chai. Kabla sijaja kazini supu ikaiva, hakuna wa kuipeleka. Nikamwomba jirani yangu, Mama Sekela. Hakukawia. Alirudi na bakuli limejaa, na usoni unaona kabisa kwamba ana habari.

"Mkweo kaniambia nile mimi," akasema. "Nikimaliza nikurudishie bakuli, niseme kashukuru. Eti ndivyo anavyofanya Tupokigwe."

Nilikaa kwenye kigoda.

Kumbe supu za dunia nzima zimeishia tumboni mwa wifi. Mzee anaishi kwa chai ya maziwa na kipande cha mkate cha asubuhi, kwa kuwa kukataa chakula cha mkwewe ni kumwaibisha. Wifi kanyamaza kwa kuwa baba yake kamkataza kusema. Ambakisye, nina hakika, alijua, akaona si mahali pake. Kila mtu kamheshimu mwenzake vizuri kabisa, na mtu anakufa njaa pale uani.

Nimechoka na heshima ya namna hii.

Sikufikiri sana; ningefikiri nisingefanya. Nilijifunika kanga hadi usoni, nikavuka ua kwenye manyunyu, nikasimama nje ya mlango wake nikiwa nimeupa mgongo. Nina miaka minne kwenye ndoa na sikuwahi kumsemesha. Sauti ilinitoka nyembamba.

"Shikamoo baba. Ni mimi. Naomba uniambie mwenyewe unataka kula nini."

Nikasikia kitanda kikilia. Nikaanza kuwaza vikao vya ukoo nitakavyoitiwa.

"Malahaba," akasema. Kisha: "Chakula chako kinanuka dawa, mwanangu. Dawa nimekunywa sana. Nipondee ndizi na maziwa."

Ndizi. Migomba iko nyuma ya jiko langu, naipita kila siku nikienda dukani kununua bizari.

Nilipika nikisonya. Nilimsonya wifi, nikamsonya mume wangu, nikawasonya mashangazi, na watu wa Meksiko ambao hawana kosa. Nikaziponda zikalainika, nikatia maziwa, nikaweka bakuli kizingitini, nikagonga na kugeuka. Sikuondoka. Nilisimama pale matone ya bati yakinidondokea shingoni, nikisikiliza kijiko. Kikagonga bakuli, kikagonga tena, mpaka kikaanza kukwangua chini.

Halafu akaniita kupitia mlango.

"Mwanangu. Chumvi haijakolea."

Nimelia, sifichi. Tangu niolewe hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kunieleza ukweli kwa maneno machache hivyo. Jioni nikirudi naongeza chumvi, na simtumi mtu kwenda kumuuliza kama imetosha.