Sitini ya Mshale Wako

Mdogo wangu Maduhu,

Nakuandikia nikiwa na kinyaa, na sitakificha, maana wewe ulinijua. Ulikuwa ukisema nikichukia pua yangu hutangulia kusema kabla ya mdomo. Basi leo pua imesema tangu asubuhi, na bado haijamaliza.

Ile picha ingali inazunguka. Juzi mwalimu mwenzangu hapa Lagangabilili alinionyesha simu yake akidhani sijawahi kuiona: spidomita ya pikipiki yako, kioo kimepasuka, vumbi limeingia ndani, mshale umekwama kwenye sitini. Chini yake mtu ameandika, "Sitini kwenye kibao cha hamsini. Vijana mnakimbilia wapi?" Wewe hukuonekana, ila kiatu chako kimoja pembeni. Nilimrudishia simu yake, nikatoka nje ya ofisi ya walimu, nikatema mate mbele ya wanafunzi. Sikuona aibu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kuona picha ikirushwa kwenye makundi ya simu. Sitini yako ilifika Maswa kabla sisi hatujapata hata jeneza.

Unakumbuka siku tuliyoupima huo mshale? Spidomita ya zamani ilikufa wakati wa mvua, na Fundi Shija wa pale Bariadi akakufungia nyingine iliyotumika, iliyotoka kwenye pikipiki ya tairi kubwa kuliko zako. Alikwambia wazi, nikiwa nimesimama hapo hapo: "Hii itazidisha, Maduhu. Usije kusema sikukuambia." Wewe ulicheka. Mimi, mwalimu wa hisabati, sikuweza kucheka mpaka nijue inazidisha kiasi gani.

Jumapili ile baada ya ibada ukanipakia, tukaingia barabara ya lami ya kwenda Lamadi. Wewe ulishikilia mshale kwenye sitini, usipande usishuke, mimi nyuma nikashika simu nikihesabu muda kutoka kibao cha kilomita hadi kibao kinachofuata. Kwa sitini ya kweli ilipaswa tukimalize kipande kile kwa dakika moja. Tulitumia dakika moja na nusu. Tukarudia mara tatu, na mara zote jibu likawa lile lile. Sitini ya mshale wako ilikuwa arobaini ya Mungu.

"Sasa dada, nani mwongo," ukaniuliza, "kilomita au mshale?"

Ulitaka kurudi kwa Shija siku ile ile akutafutie nyingine. Mimi ndiye niliyekuzuia. Nilikwambia, "Iache. Spidomita nyingi huzidisha kidogo, hii imezidisha sana tu. Heri mshale mwongo unaokuogopesha kuliko mkweli unaokubembeleza." Nilijiona nimesema neno la hekima. Ulinitii kama ulivyonitii tangu utotoni, ukauacha, na mwongo yule niliyemtetea ndiye aliyekuja kutoa ushahidi dhidi yako.

Wewe hata hukuwa unautazama. Spidi yako uliipima kwa salamu. Ulikuwa ukimpita mtu shambani unamwita kwa Kisukuma, "Mwadila!", na kama hujasikia akiitikia ulijua umekimbia, ukaachia mafuta. Wenzako wa kijiweni walikutania kwamba kwako abiria anafika na habari za ukoo mzima wa kila nyumba ya njiani. Mimi nilikuwa nikichelewa shuleni kwa ajili ya salamu zako, nikakugombeza. Ukanijibu, "Dada, ukishindwa kusikia jibu, hukusalimu. Umempigia mtu kelele tu."

Na siku ile, saa kumi jioni, kwenye njia ya Migato, ulimsalimu Mayu Kabula, yule mama aliyekuwa akipalilia pamba karibu na kalavati. Yeye ndiye mtu wa mwisho uliyezungumza naye. Alisimama mbele ya mwandishi wa taarifa ya ajali, jembe mkononi, akamweleza kwa Kisukuma kwamba ulimsalimu, akakujibu, ukamuuliza habari za nyumbani, akakujibu tena, na ndipo ndama akachomoka kwenye vichaka. Ulimkwepa ndama ukaingia kwenye kalavati. Unajua aliambiwa nini? "Mama, mimi naandika namba." Yule mtu akainama juu ya pikipiki yako, akasoma sitini, akaandika sitini. Mwenye ndama akapumua, maana lawama ilikuwa imehamia kwako.

Hicho ndicho kinachonitia kinyaa, Maduhu. Mwanamke mwenye macho na masikio ameachwa, kikaaminiwa chuma kilichovunjika. Msibani msemaji aliinua vidole sita juu, akavichezesha, akatuambia mshale haudanganyi. Watu wakaguna na kutikisa vichwa. Walikuwa wamekaa kwenye viti ambavyo wewe ndiye uliyevibeba kwenye misiba yao.

Na mimi nilikaa kimya. Hapo ndipo kinyaa kinaponirudia mwenyewe. Nilijua hesabu yote, kilomita, dakika na jibu, lakini ili niseme mshale unazidisha ingenibidi niseme ni nani aliyekwambia uuache. Nikajifunika kanga nikalia kwa sauti, wakasema dada yake ana uchungu. Nilikuwa na woga.

Baba naye aliamini picha. Minza, mkeo, alipojifungua mtoto wa kiume, sote tulijua jina ni lako, ndiyo desturi, mtu akiondoka jina linarudi. Baba akakataa. "Sirudishi jina la mtu aliyekimbilia kifo," alisema. Kadi ya kliniki ikaandikwa "Mtoto wa Minza". Miezi minne mwanao alikaa bila jina, akipimwa uzito kama gunia la pamba.

Wiki iliyopita nikashindwa. Nikamwambia baba kila kitu, pamoja na lile neno langu la hekima. "Ulijua," akasema, "ukaniacha nimchukie mwanangu miezi yote hii?"

Nikaenda kwa Shija. Akaifungua spidomita yako, akaukwamua mshale, akaifunga kwenye pikipiki yake ambayo ni aina ile ile ya kwako, tairi zile zile. Jana saa kumi akampakia baba. Mimi nikasubiri kwenye kalavati. Baba alikuwa ameshika bega la Shija kwa mikono miwili, shingo ameinyoosha mbele, macho kwenye mshale. Baadaye Shija aliniambia alikuwa akisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: hamsini, hamsini na tano, sitini.

Walipofika usawa wa shamba, baba akaita, "Mwadila mayu!"

"Mwadila baba!" akaitikia Mayu Kabula.

"Mhola?" baba akauliza habari za nyumbani.

"Mhola duhu!" akajibu kwamba ni nzuri tu.

Nilisikia yote manne kutoka pale niliposimama, na wao pia walisikia. Shija akasimamisha. Baba akashuka, akakaa kwenye ukingo wa kalavati pale pale ulipolala wewe. "Amenijibu," akasema. "Kwenye sitini, amenijibu." Halafu akalia, Maduhu, baba yetu, barabarani, mchana kweupe.

Tulipofika nyumbani akamwomba Minza kadi, akanipa mimi. "Wewe ndiye mwenye kalamu," akasema. "Andika."

Niliandika jina lako kwa herufi kubwa. Usidhani nimepoa. Msemaji wa vidole sita hajaja kufuta neno lake, sitini iko palepale kwenye taarifa, na picha itaendelea kuzunguka mpaka wapate maiti mwingine wa kumsema. Kesho naipeleka hesabu yetu kwa mwandishi wa taarifa, na Mayu Kabula atakuwa pembeni yangu na jembe lake. Alitaka namba, basi nitampa arobaini.

Mwanao hajambo, ana sauti kubwa. Nikipita pale kwenye kalavati huwa nakuita, "Mwadila!", kisha nasimama kidogo. Pumzika, mdogo wangu. Siku hizi siendi kwa kasi.

Mimi dada yako,
niliyekwambia uuache.