Farasi wa Kupura Ngano

Mjukuu wangu Samira,

Sisi hapa Walthamstow wazima, ila nyumba imekuwa pana tangu Babu yako atutoke. Mama yako sasa ana shifti ya asubuhi huko Hounslow, anakusalimu sana.

Umeuliza nilimkubalije Babu, mtu asiyesema. Na mie nilikuwa na wasiwasi huo huo. Alinichumbia ndani ya basi hapa London, akawa anangoja jibu, lakini tangu tuondoke Unguja baada ya mapinduzi hakuwahi kutaja kwao hata mara moja. Nitaishije na bubu?

Jumapili moja tulikwenda na wenzetu wa kazini kutazama shamba la zamani nje ya London. Palikuwa na banda la duara, farasi anazunguka humo akikokota mti mrefu, na mti ule unaendesha mashine ya kupura ngano.

"Mbona hawakumfunga macho?" Babu akauliza. "Atapata kizunguzungu, masikini."

"Nani anamfunga farasi macho?"

"Ngamia wetu wa kinu tukimfunga."

Akaanza kutembea kando ya farasi, nami namfuata, ananihadithia kinu cha baba yake cha mafuta ya ufuta, na ngamia mkorofi aliyemtafunia mjomba kofia. Farasi akisimama, naye hunyamaza. Farasi akienda, huendelea. Kumbe si bubu, anataka kutembea tu.

"Basi nimekubali," nikamwambia.

Akanigeukia. "Umekubali nini?"

Bibi yako akupendaye