Shubiri Yako Imeniponza

Dada Zainabu, shikamoo.

Baridi ya Songea inang'ata masikio, ila mimi natoka jasho. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kushindana katika mchezo wa vita vya mezani, na wale askari wetu wadogo wa sanamu tuliowapaka rangi zako za kucha wamepangwa mbele za watu. Mpinzani wangu, mama mmoja wa Mpitimbi, akacheka: “Mwanangu, hawa wanakwenda vitani au harusini?”

“Popote watakapokaribishwa, mama.”

Nikatoa kijiti chetu cha kupimia, kile ulichokikata kwa shubiri yako, nikawasogeza mbele kipimo kimoja hadi mafichoni. Mwamuzi akakilaza kando ya futi kamba. Kumbe mkono wako unapita kipimo chao! Askari wakarudishwa nyuma, wakabaki peupe, na dadu alizorusha yule mama zikawamaliza wote isipokuwa yule askari wetu mpiga ngoma.

Siondoki hapa bila kushinda hata mchezo mmoja. Kijiti chako nimekipunguza kikalingana na futi kamba yao, na kipande kilichobaki nimekichonga mkuki, nikampa mpiga ngoma. Uinue huo mkono wako mrefu uniombee dua, dada yangu. Safari hii hapigi ngoma.

Mdogo wako,
Rehema