Dawa ya Watu Wawili

Magreti, shika simu! Nimetoka kliniki sasa hivi.

Kipimo changu kilionyesha virusi vya HPV, vile vya zinaa, nikamshusha mume wangu Alfred kwenye lori lake hapa Mikumi tutibiwe wote wawili. Si ndivyo wanavyotibu kaswende?

Nesi kasema virusi vya HPV HAVINA DAWA. Wanachotibu ni kidonda kwenye mlango wa kizazi, na mimi sina. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Nirudi kupimwa baada ya mwaka. Mwaka mzima!

Nikamnyooshea Alfred kidole: "Kaleta huyu, na safari zake!"

Nesi akajibu taratibu: "Mama, hivi hukaa mwilini miaka mingi. Huenda ulikuja navyo kwenye ndoa."

Alfred akanigeukia.

Miaka tisa namwapia kwamba alinikuta bikira.

Wewe ndiye uliyekuwa ukinisindikiza kwa Lupakisyo kabla sijaolewa. Alfred akikupigia, USIPOKEE.