Kapteni Akishachagua, Amechagua

Jumatatu, Berea. Mvua ya tangu asubuhi imekata, joto limebaki palepale, na mimi nina hasira. Sitaki kutulizwa.

Jana nilichezesha nusu fainali ya ligi yetu sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Durban: timu ya Wakongo na timu ya mtaa wa Chatsworth. Muda ukaisha wakiwa sare, ikabidi waende kwenye penalti. Nikawaita makapteni wawili katikati ya uwanja, nikawaeleza ninavyoeleza siku zote, polepole, kama mtu anayempa mgonjwa maelezo ya dawa. Narusha sarafu mara ya kwanza kujua tutatumia goli lipi. Narusha mara ya pili, na atakayeshinda anachagua: kupiga kwanza au kupiga pili. Ukichagua, unarudia kwa sauti mwenzako akisikia, na hapo hakuna kubadili. Nikawauliza kama wamenielewa. Wakaitikia wote wawili.

Fiston, kapteni wa Wakongo, ndiye aliyeshinda mara ya pili. Akasema wanaanza. Nikamwambia arudie. Akarudia, tena kwa madaha.

Mara kocha wao akaanza kupayuka kutoka pembeni kwamba wapige pili, eti kipa wao akidaka penalti moja mapema, wapigaji wanapata moyo. Fiston akanigeukia.

"Madame, attends, subiri kidogo. Tunabadilisha, tutapiga ya pili."

"Kapteni, umeshachagua."

"Eish, mama, iko shida gani? Ni sarafu tu!"

Shida ipo. Yusufu, kapteni wa Chatsworth, alikuwa ameshawapanga wapigaji wake akijua wenzake wanaanza. Alinitazama tu, aone kama mimi ni refa kweli au ni dada wa kusukumwa. Nikapuliza filimbi, Wakongo wakaanza, na mwishowe wakatolewa.

Wakongo wamelalamika kwenye kamati, na sasa kosa ni langu.

Leo mchana nikiwa kazini kule viwandani Jacobs, Mwenyekiti wa ligi akanipigia. "Dada yangu, omba msamaha kidogo tu mbele ya kamati, yaishe. Fainali ya Jumapili ni yako. Usipoomba nitampa mwingine, nitafanyaje?" Nikamuuliza nimevunja sheria gani. Akasema sheria sijavunja, ila nilikuwa na roho ngumu.

Refa mwanamume akishikilia uamuzi wake, wanasema ana msimamo. Mimi nina roho ngumu.

Niseme ukweli, fainali naitaka. Naitaka mpaka inaniuma. Hakuna mwanamke aliyewahi kuichezesha katika ligi hii, na nimekimbia kwenye matope ya mechi za watoto na za wazee wenye vitambi, mechi ambazo hakuna refa mwingine aliyezitaka, nikiisubiri hiyo moja. Ndiyo maana jioni hii nilijaribu kuuandika huo msamaha. Nikaandika samahani, halafu nikakwama. Samahani kwa lipi? Kwa kusikia alichosema Fiston? Kwa kuwa na masikio? Nikafuta.

Nikajiuliza swali moja ambalo Mwenyekiti hakuniuliza. Tuseme nimeomba, nimepewa fainali, na mechi imefika kwenye penalti. Nitawaita makapteni wawili, nitawaambia mkishachagua hakuna kubadili. Nani ataniamini? Watajua mimi mwenyewe nilishabadili, tena kwa bei ya fainali hiyohiyo.

Hapana. Bora niikose.

Nimemtumia jibu: "Mzee wangu, siombi. Mpe umpendaye." Nimelia kidogo, sikatai, kisha nimeosha uso nikabandika maji ya ugali. Tangu hapo simu inaita, na jina lake ndilo linalowaka.

Acha iite.